Mbwa wa jirani hanyamazi usiku: nianzie wapi?

SWALI: Wakili, shikamoo. Naishi Umoja, Nairobi. Jirani wa ploti ya pili amefunga mbwa wawili kwa mnyororo, chini kabisa ya dirisha la watoto wangu. Kuanzia saa saba usiku ni kubweka tu. Nimepima kwa simu, nikapata desibeli 68. Nikimwambia, anajibu ni mbwa wa ulinzi. Kuna anayetushauri tuwawekee sumu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Sumu hapana. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, itakugeuza wewe mlalamikaji kuwa mshtakiwa.

Kuhusu desibeli, kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu 35 tu nje ya nyumba za makazi usiku. Ukiwa na 68 utadhani umeshashinda. Bado. Hiyo 35 Umoja huipati hata mbwa wote wakilala, na kipimo cha simu ni rahisi kupingwa.

Nguvu yako iko kwingine katika kanuni hizo hizo. Kelele isiyo ya lazima inayosumbua wengine imekatazwa, na katika kuipima huangaliwa ni saa ngapi, iko karibu kiasi gani na makazi, inajirudia au la, na kama ingeweza kuzuiwa bila taabu wala gharama kubwa. Hapo ndipo jirani yako amenaswa. Kuhamishia mnyororo upande wa geti ni kazi ya dakika kumi! Tena mbwa aliyefungwa pale pale kutwa humbwekea hata paka anayejipitia. Ulinzi gani huo?

Kwa hiyo shika daftari, wiki mbili. Andika hivi: “Jumanne, saa saba na robo hadi saa nane kasorobo, mtoto kaamka mara mbili.” Majirani nao waandike yao. Kisha mpe mwenye mbwa barua ya kumwomba ahamishe mnyororo, ubaki na nakala.

Akikaidi, nenda kwa maafisa wa mazingira wa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti udhibiti wa kelele, na leseni za mbwa zimetajwa humo waziwazi. Ukiwa hapo, uliza kama hao wawili wana leseni. Swali hilo hulainisha wakaidi.

Polisi waje mwisho. Kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha hadi mwaka mmoja, kinahusu kero kwa umma. Ukienda peke yako utaambiwa ni ugomvi wa majirani, ndiyo maana nikataka na madaftari ya wenzako.