Dada, fungua hizo fito usiku huu huu

Umeandika kwamba mwanao wa miaka 6 alianguka mwembeni jana jioni, kiwiko kikavunjika, fundi wa mifupa akamkaza fito na vitambaa, na sasa analia usiku kucha, vidole vimevimba. Halafu unauliza umpe dawa gani ya maumivu, umpikie nini mfupa uunge upesi, na shule arudi lini.

Acha yote hayo. Shika vidole vyake, vinyooshe taratibu. Akipiga kelele, fungua kila kitu mpaka uone ngozi, mkono uushikilie kwa kanga iliyolegea, mkimbilie hospitali yenye daktari wa upasuaji. Dawa ya maumivu itamnyamazisha tu.

Wangu alifungwa hivyo hivyo. Alilia kutwa, fundi akaniambia, "Mama, akilia ujue mfupa unashika." Nikamwamini, maana mapigo ya mkono yalikuwa yanasikika na vidole vina joto. Siku ya pili mtoto akanyamaza. Nikachinja kuku, nikamshukuru Mungu. Kumbe mishipa ya fahamu ilishakufa ganzi! Misuli ikibanwa hadi ikakosa damu, masaa 6 hivi yanatosha kuiharibu moja kwa moja. Mimi nilikaa siku tatu.

Leo ana miaka 14. Mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja umekonda, vidole vimekunjamana kama kucha za mwewe. Akitaka kushika kikombe, kwanza anakunja kifundo cha mkono kwenda chini, ndipo vidole vinafunguka. Akikiinua kifundo, vinajikunja vyenyewe, kwa sababu misuli imegeuka kovu na kufupika. Daktari aliniambia ulemavu huu unaitwa mkakamao wa Volkmann, jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1881. Miaka yote hiyo unajulikana, na bado mtu anapokea hela yangu na kuniambia kilio ni heri!

Na wewe uliyemshauri hapo juu ainue mkono kwa mito mitatu, hapana. Mkono ulioanza kukosa damu hauinuliwi, unawekwa usawa wa moyo. Hata hogo la hospitali likibana linafanya hayo hayo. Ukimrudisha mtoto hospitali, wanalipasua.

Dada, ukishafungua andika hapa hata neno moja. Niko macho.