Mbwa Mkubwa na Mtoto Mchanga: Maswali ya Wasomaji

Tumfunge mnyororo au tumgawe?

*Nina ujauzito wa miezi saba. Tuna mbwa dume aina ya German Shepherd, umri miaka mitatu, kilo 38. Hana ukali kwa watu wa nyumbani ila ana nguvu mno. Mtu akiingia anamrukia mpaka mabegani, na sebuleni anaingia atakavyo. Mume wangu anasema mtoto akizaliwa tumfunge mnyororo. Mama mkwe anataka agawiwe mapema. Mimi sitaki kumpoteza. Tufanyeje?*
– Mama mtarajiwa, Goba, Dar es Salaam

Hongera, dada, na heri umeuliza sasa. Wengi hutuandikia mtoto akiwa ameshafika nyumbani. Miezi miwili inatosha kubadili mengi.

Mnyororo tuuweke kando kabisa. Mbwa wa ukubwa huo akifungwa kutwa nzima hatulii. Anazunguka, anabweka, na kila kinachopita mbele yake asikifikie kinamzidishia hasira. Siku atakapofunguliwa, au mnyororo ukikatika, nguvu zote zinatoka kwa mpigo. Isitoshe, mbwa aliyefungwa akiogopa hana pa kukimbilia, anabakiwa na meno tu. Kumgawa nako hakujawa na sababu kwa hayo uliyotueleza.

Kinachomlinda mtoto ni kizuizi imara kati yake na mbwa, pamoja na mtu mzima aliye macho. Mafunzo yanarahisisha maisha, lakini hayachukui nafasi ya hivyo viwili, hata kwa mbwa mpole kuliko wote mtaani.

Anza na kizuizi. Mwite fundi wa kuchomelea atengeneze geti dogo la mlango wa chumba cha mtoto. Kimo kisipungue mita 1.2, kwani mita moja mbwa wako anaivuka bila shida. Nondo zisimame wima. Zikilazwa zinakuwa ngazi, kwanza ya mbwa, baadaye ya mtoto. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 6 ili kichwa cha mtoto kisipenye. Komeo liwe juu na lifunguke kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili utakuwa umebeba mtoto. Mwambie fundi apige msasa ncha zote, na rangi iwe isiyo na madini ya risasi. Tunapendelea geti kuliko mlango uliofungwa kwa saa zile ambazo nyote mko nyumbani: mbwa anamwona mtoto, anamsikia, anamnusa kwa mbali, na baada ya wiki chache mtoto anakuwa jambo la kawaida kwake. Usiku, funga mlango wenyewe.

La pili, badilisha ratiba sasa hivi. Kama mtoto akija mbwa hataruhusiwa tena chumbani, basi asiruhusiwe kuanzia leo. Mkingoja siku ya kutoka hospitali, mbwa atapoteza sebule, matembezi na mama yake kwa siku moja, na mgeni mdogo ndiye atakayehusishwa na hasara yote hiyo.

Mafunzo tungeyabana kwenye mambo mawili, kulala kwenye mkeka na kuacha kurukia watu. Chemsha maini mpaka yaive kabisa, yakate vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Tupa kipande juu ya mkeka, akipanda mpe cha pili, akilala mpe cha tatu. Dakika 5 kwa zamu, mara tatu kwa siku, zinatosha. Ongeza muda kidogo kidogo: sekunde 3, sekunde 10, nusu dakika, mpaka aweze kulala dakika 10 huku wewe unatembea chumbani. Kisha mtu agonge geti la nje. Hapo wengi huharibikiwa, kwa sababu wanaruka kutoka chumba kimya moja kwa moja hadi mgeni mlangoni. Mbwa akinyanyuka, umeenda haraka mno. Rudi hatua moja nyuma, usimkaripie.

Kuacha kuruka amfundishe mumeo, si wewe na tumbo hilo. Mbwa akiruka, mtu ageuke ampe mgongo na anyamaze. Asimsukume kwa mikono, kwani kusukumana kwake ni mchezo. Miguu minne ikitua chini ndipo asalimiwe. Dada wa kazi na mlinzi wafanye vivyo hivyo. Mmoja akicheka na kumshika mbwa anaporuka, kazi ya wiki nzima imepotea.

Pakua kwenye simu sauti ya mtoto anayelia. Ipige chini kabisa wakati mbwa anakula, na ipandishe polepole kwa wiki kadhaa. Akiacha kula na kusimamisha masikio, punguza. Tembea pia ndani ukiwa umebeba mwanasesere aliyefungwa kwenye kanga. Mbwa anajua kwa pua kwamba si mtoto, lakini ncha ya kanga inayoning'inia usawa wa mdomo wake ni kishawishi kikubwa cha kudaka. Afadhali ajifunze kuiacha ikiwa na mwanasesere ndani.

Nguvu zake zipewe njia. Dakika 40 za kutembea asubuhi kabla jua halijapanda, na nyingine jioni. Lami ikiwa na joto, bandika kiganja juu yake. Ukishindwa kukiacha sekunde 7, nyayo zake nazo zitaungua. Mwache anuse njiani. Sehemu ya chakula chake itawanye kwenye majani aitafute mwenyewe. Kurusha mpira nusu saa nzima kunamchosha mrushaji kuliko mbwa, na mbwa wengi hurudi nyumbani wamepandwa na mzuka zaidi ya walivyotoka.

Siku ya kurudi na mtoto, mbwa awe ameshatembezwa. Ingia wewe kwanza mikono mitupu, msalimiane. Baadaye, wageni wakiondoka, baba akae na mtoto mikononi, na mtu mwingine amshike mbwa kwa kamba iliyolegea umbali wa mita 2 au 3. Dakika mbili zinatosha. Usimpeleke mtoto kwenye pua ya mbwa, na usimvute mbwa kwa mtoto.

Katika wiki zinazofuata kuna mtego mmoja: mtoto akilala, mbwa anabembelezwa, akiamka, mbwa anafukuzwa. Hivyo anajifunza kwamba mtoto akionekana raha imekwisha. Geuza mambo. Mtoto akinyonya, mbwa awe mkekani ng'ambo ya geti na apate vipande vyake vya maini. Mtoto akilala, na mbwa naye apumzike.

Anamkodolea macho mtoto kitandani

*Mtoto wetu ana wiki tatu. Akilia, mbwa wetu jike anakimbilia mlangoni, anatetemeka, analia kwa sauti nyembamba, hang'oi macho kwenye kitanda. Juzi alijaribu kupanda. Jirani anasema ni mapenzi ya kimama. Ni kweli?*
– Baba wa kwanza, Njiro, Arusha

Hapana, na tafadhali usimpe nafasi ya kulithibitisha hilo. Mbwa mwenye udadisi tu anakuja mwili ukiwa umelegea, ananusa hewa, ukimwita anageuka, kisha anajilalia. Huyu wako amekaza mwili, macho hayabanduki, anatetemeka, na ameshajaribu kupanda. Kwa baadhi ya mbwa, sauti nyembamba ya mtoto mchanga na mikono inayorukaruka huamsha silika ya kuwinda. Hakuna chuki ndani yake, hakuna wivu pia, na ndiyo maana hatangulizi kunguruma.

Kuanzia leo mlango wa mtoto ufungwe kwa kitasa, si kwa pazia. Chandarua si kizuizi. Kinazuia mbu tu. Mbwa asiingie chumbani hata akiwa kwenye kamba. Jaribio moja lifanyike mkiwa mbali: mtoto akilia, mwonyeshe mbwa nyama. Akigeuka na kula, kuna pa kuanzia, na daktari wa mifugo anayejua tabia za mbwa atawapangia mazoezi ya hatua kwa hatua. Akiipuuza nyama na kuendelea kukodoa, mtafutieni nyumba isiyo na watoto wadogo. Tunajua ni uamuzi mzito kwa familia inayompenda mbwa wake, lakini ni uamuzi wa haki, kwa mtoto na kwa mbwa pia.

Amenguruma, kapigwa

*Mtoto wangu ana miezi minane na anatambaa. Jumapili alimfuata mbwa aliyekuwa akitafuna mfupa, mbwa akanguruma. Kijana wa shamba akampiga fimbo. Tangu hapo hajanguruma tena. Tumefanikiwa?*
– Mama Miezi Minane, Nakuru

La, mama. Mlichopata ni mbwa aliyekatazwa kutoa onyo. Kunguruma ni namna yake ya kusema "sogea". Akiadhibiwa kwa kusema, kero inabaki pale pale na sauti inaondoka. Mara nyingine anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kuuma. Na mtoto anayetambaa ana uso usawa wa mdomo wa mbwa. Ndiyo sababu wadogo wengi huumwa kichwani, usoni na shingoni.

Kabla ya kunguruma huwa kuna dalili ndogo zinazopita haraka: kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo, kugeuza kichwa pembeni, weupe wa jicho kuonekana, kisha mwili kuganda ghafla juu ya mfupa. Hiyo ya kuganda ndiyo ya mwisho. Ukiiona, mnyanyue mtoto kwanza, usihangaike na mbwa. Mkia nao usikudanganye. Ukiwa juu, mgumu, unatikisika kwa kasi ndogo ndogo, hiyo si furaha.

Mifupa na sahani ya chakula vitolewe nje ya geti, mlango ufungwe, na mabaki yaokotwe kabla mbwa hajaruhusiwa kuingia. Usimpokonye mfupa kwa mkono. Mbadilishie na kipande cha nyama umbali wa hatua kadhaa, kisha chukua mfupa akiwa huko. Awe pia na pembe yake ya kulala ambayo mtoto hafiki kamwe. Na akiwa chumba kimoja na mtoto, mtu mzima akae sakafuni kati yao. Dada wa miaka tisa hahesabiki kuwa mtu mzima, wala mtu anayetazama simu.

Minyoo, kupe na dawa ya ng'ombe

*Mbwa anamlamba mtoto uso. Bibi anasema atapata minyoo. Pia, naweza kumwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe? Kupe wamezidi.*
– Msomaji, Tanga

Bibi yuko sahihi kuogopa minyoo, ila hatari kubwa iko uani. Mayai ya minyoo ya mbwa hutoka na kinyesi, na huhitaji wiki mbili hivi au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kinyesi kikizolewa kila siku, mzunguko unakatika. Kikiachwa, mayai hudumu ardhini kwa miaka, na mtoto anayekula mchanga huyameza. Kulamba uso nako kuzuiwe kwa sababu ya bakteria wa kwenye mate, hasa kitovu kikiwa hakijapona.

Dawa ya minyoo itolewe walau kila miezi 3. Mtoto akianza kutambaa, muulize daktari wa mifugo kuhusu kila mwezi. Vidonge vingi vyenye praziquantel, pyrantel na febantel hupimwa kidonge 1 kwa kilo 10, lakini soma pakiti yako. Uzito usiukadirie kwa macho: panda mizani ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako. Usimpe mapafu wala maini mabichi ya mbuzi au kondoo, kwani yanaweza kuwa na malengelenge ya tegu (minyoo bapa), na ugonjwa wake unajulikana sana kwa wafugaji wa Turkana.

Dawa ya ng'ombe, hapana. Imekolea kwa mnyama mwingine, mbwa anajilamba, na mtoto anashika manyoya. Sindano ya ng'ombe ya ivermectin, dawa ya kuua vimelea, ni mbaya zaidi. Mbwa aina ya Collie na baadhi ya German Shepherd wana maumbile ya kurithi yanayoiacha ipenye mpaka kwenye ubongo. Nunua dawa ya mbwa ya kumiminia mgongoni, mpake jioni, na asikaribiane na mtoto mpaka kesho yake.

Mkwaruzo mdogo, ana chanjo

*Mbwa karuka kwa furaha, ukucha ukamkwaruza mtoto mguuni, damu kidogo. Mbwa ana kadi ya chanjo. Twende hospitali?*
– Msomaji, Morogoro

Nendeni, leo hii. Kabla ya hapo osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa ya ukutani, kisha paka dawa ya aidini. Majivu, mafuta ya taa na manjano visiguse kidonda. Chukua kadi ya mbwa uone tarehe: kama chanjo ya kichaa cha mbwa imepita mwaka bila kurudiwa, mwambie daktari hivyo. Yeye ndiye ataamua kuhusu chanjo ya mtoto, ambayo huanza siku hiyo hiyo bila kungoja mbwa augue. Mbwa msimuue. Afungiwe ndani ya ua na aangaliwe siku 10. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakina tiba, kwa hiyo hakuna mkwaruzo wa damu ambao ni mdogo mno kuupeleka.

Kucha zake zikatwe kila wiki 3 au 4. Ukisikia zinagonga sakafu anapotembea, zimeshakuwa ndefu kupita kiasi.