Soda ya dayati kwenye baa ya tiki: hukumu yake nini?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama mwenye asili ya Tanga, naishi California na nina kisukari. Wenzangu kazini hupenda kwenda mkahawa wa tiki, ule wa masanamu ya mbao na taa za bunju waliokaushwa. Wao hunywa kokteli za ramu zilizochanganywa na soda za dayati za zamani, kama Fresca, na mmoja huja na makopo ya Tab aliyoyaweka akiba tangu yalipoacha kutengenezwa. Mimi huagiza kokteli isiyo na pombe kwa soda hizohizo. Je, ninachokunywa ni halali? Kopo likikaa miaka haligeuki ulevi? Na bili tunagawana sawa kwa sawa, kuna ubaya?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Allah akupe afya.

Tuanze na kopo, maana ndilo jepesi. Tab ilitoka mwaka 1963 na ikasimamishwa 2020. Fresca ipo tangu 1966. Asili ya vinywaji ni uhalali mpaka ije dalili ya kuviharamisha, na katika soda hizi sioni dalili hiyo. Utamu wa Tab ulitokana zaidi na sakarini, kitu kilichogunduliwa maabara mwaka 1879, hakitoki kwa mnyama wala kwa zabibu. Mwaka 1977 Marekani iliamuru bidhaa zake ziwekwe onyo la saratani, na mwaka 2000 onyo likafutwa baada ya kubainika kwamba saratani iliyowapata panya wa majaribio haimhusu binadamu. Hayo ya kisukari na figo muulize daktari wako, si mimi.

Hofu yako ya kopo kukaa ina msingi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akanywa maji yake siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, jioni ya siku ya tatu ikipita hayanywi tena. Lakini kinachochachuka ni sukari, na soda ya dayati haina sukari ya kuchachuka. Itapoteza gesi na ladha, basi. Kopo likiwa limevimba au limeliwa na kutu litupe kwa ajili ya madhara.

Ila soma maandishi. Mwaka 2022 ilitoka Fresca Mixed, ambayo ndani yake mna vodka au tekila, pombe asilimia 5, na jina kubwa usoni ni lilelile ulilolizoea.

Matatizo yako yanaanza kopo likishafika kaunta. Kokteli za tiki kwa kawaida ni ramu za aina mbili tatu, ndimu na shira. Mhudumu akiambiwa usitie pombe, huondoa ramu akaona kazi imekwisha. Yanabaki matone ya Angostura, kiungo kichungu cha kutia ladha, ambayo ni pombe asilimia 44.7, kali kuliko ramu nyingi zilizopangwa nyuma yake. Inabaki falernum, shira ya Barbados ya karafuu, tangawizi na ndimu. Chupa yake mashuhuri ina pombe asilimia 11. Kisha vyote huenda vikatikiswa katika chombo kilichotoka kutikisiwa ramu ya meza ya jirani, pengine bila hata kusuuzwa.

Kwetu sisi Mashafi, ulevi ni najisi, na tone lake likiingia katika bilauri ya kinywaji hukinajisi chote. Tena Mtume (s.a.w.) amesema kinacholevya kikiwa kingi, hata kichache chake ni haramu. Wapo watakaokwambia tone limeshapotea humo, halina athari. Hoja hiyo naikubali kwa chembe za pombe zinazobeba ladha kiwandani, ambazo ni shida kuziepuka. Siikubali kwa tone linalodondoshwa makusudi ili lionjwe. Kwa hiyo kama una kiu, agiza kopo lifunguliwe mbele yako, bilauri safi na kipande cha ndimu. Najua hapo si kokteli tena.

Sasa baraza lenyewe, na hapa ndipo ninapokukataza. Wengi hudhani tiki ni mila ya watu wa visiwa vya Pasifiki. Ni biashara ya California. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, Ernest Gantt, aliyejiita Donn Beach, alifungua baa Hollywood, akachukua ramu ya Karibiani, akaipamba kwa mianzi na michongo, baadaye na chakula cha Kikantoni. Mwaka uliofuata Victor Bergeron akafungua yake Oakland, na 1944 akaja na kokteli ya ramu iitwayo Mai Tai. Mahali hapa pamejengwa juu ya ramu; chakula kimekuja kuifuata. Hapafanani na hoteli ambayo mtu anakula wali wake huku pombe ikiuzwa chumba kingine.

Imam Ghazali, naye ni Shafi, alilizungumzia jambo hili karne tisa zilizopita katika kitabu chake Ihyaa. Anasema watu wakikusanyika, wakapamba baraza, wakaleta vyombo na bilauri za ulevi, wakatia humo sakanjabini, yaani siki na kitu kitamu, wakaweka mtu wa kuwazungushia na kuwanywesha wakisemeshana kama walevi, basi ni haramu kwao, ingawa kinywaji chenyewe ni halali. Sababu ni kujifananisha na watu wa ufisadi. Weka soda ya dayati mahali pa sakanjabini, na kikombe chenye uso wa sanamu mahali pa bilauri, uone kama kimebaki cha kuuliza. Na hapo Ghazali anazungumzia watu ambao wote wanakunywa halali! Meza yako ina ramu, na Mtume (s.a.w.) amemkataza anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi.

Masanamu hayo huenda hakuna anayeyaabudu pale. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alikataa kuingia makanisani kwa sababu ya masanamu yaliyokuwamo, na aya ya 90 ya Suratul Maida imetaja ulevi na masanamu pamoja. Magharibi ikikukuta huko usiswali mbele yake, toka nje.

Ama bili, hili wengi hulipuuza nalo ni zito. Katika watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi yumo anayeununua. Mkigawana sawa kwa sawa, wewe uliyekunywa soda ya dola chache umelipia ramu ya wenzako. Kwa yaliyopita bila kujua, leta istighfari, na kama unaweza toa sadaka.

Wenzako usiwakate. Waalike chakula cha mchana mahali pasipo na baa, ulipe wewe safari ya kwanza. Au waambie wazi kwamba dini yako haikuruhusu kukaa meza ya pombe. Wamarekani wengi hulielewa hilo haraka kuliko visingizio vya kuumwa kichwa kila Ijumaa.

Wallahu aalam.