Jibu: Binti aliyeishi kama mwanamume hadi akawa shujaa wa farasi

Dada, umeuliza kama kuna hadithi ya kale ya Ulaya ambamo mwanamke anavaa deraya na kupigana huku wote wakimdhania mwanamume. Ipo, nami naipenda mno: Le Roman de Silence, utenzi wa Kifaransa cha kale wa karne ya 13, mistari zaidi ya 6,000.

Mfalme Ebain wa Uingereza kapiga marufuku mabinti kurithi. Basi Cador na mkewe wanapojaliwa binti, Silence (yaani "Ukimya"), wanamlea kama mvulana. Anatoroka na waimbaji wa kuzurura, anawazidi kwa kinubi, nao kwa wivu wanapanga kumuua. Ufaransa anafanywa shujaa wa farasi (askari mwenye cheo apiganaye juu ya farasi), kisha anarudi kumzimia mfalme uasi.

Malkia anamtamani, anakataliwa, anamsingizia, kama kile kisa cha Yusufu na Zulekha. Mwishowe Silence anatumwa kumkamata Merlin, mchawi mashuhuri wa hadithi za kale, ambaye hakamatiki ila kwa hila ya mwanamke. Yaani katumwa asirudi! Silence anachoma nyama porini. Merlin ananusa, anakuja mbio, anakula, kiu inambana. Anabugia asali, maziwa, kisha divai hadi analewa chakari. Kakamatwa! Lakini kumkamata ndiko kunakofichua siri ya Silence, kwamba ni mwanamke.

Sheria ya urithi inafutwa, malkia anauawa, na Silence anaozwa mfalme. Hapo mimi huumia: msichana aliyesema na kutenda mengi hivyo anaishia kuvishwa gauni na kunyamaza.

Nakala yake pekee ilipatikana mwaka 1911 katika jumba la Wollaton Hall, Nottingham, Uingereza, ndani ya sanduku lililoandikwa kwamba ni makaratasi yasiyo na thamani.