Stratocaster au Les Paul kwa mpiga solo wa Mwanza

Kaka, umeniuliza ununue gitaa gani la umeme, Stratocaster ya Fender au Les Paul ya Gibson. Maadamu umesema unapiga solo kwenye bendi ya dansi huko Kirumba, na Jumapili uko kanisani, chukua Stratocaster, yaani Strat. Solo zetu hupigwa karibu na mwili wa gitaa, kwenye noti za juu kabisa. Strat imekatwa pembe pande zote mbili, mkono unafika bila kuhangaika. Les Paul imekatwa upande mmoja tu, na mara nyingi ni nzito zaidi. Uivae begani usiku kucha uone.

Suala la mvumo ulilouliza, ule unaotoka kwenye spika hata hujapiga, ni la kweli. Strat ina vinasa sauti (vile vilivyo chini ya nyuzi) vya koili moja moja, yaani waya uliozungushwa kwenye sumaku, na ukiwa karibu na taa au transfoma za ukumbi utasikika ukinguruma kabla hujagusa uzi. Les Paul nyingi, tangu 1957, hutumia koili mbili zinazofuta mvumo huo. Ila sogeza swichi ya kuchagua vinasa ya Strat, yenye nafasi tano, hadi ya pili au ya nne: vinasa viwili vinafanya kazi pamoja, na kwenye magitaa mengi ya sasa mvumo unapotea. Tena hiyo ndiyo sauti kavu, inayong'aa, isiyogombana na gitaa la rithimu. Naipenda mno!

Halafu kuna suala la kulibeba gitaa kwenye bodaboda. Kichwa cha Les Paul kimeinama nyuma, gitaa likidondoka shingo hukatikia hapo hapo. Shingo ya Strat imefungwa kwa skrubu, hata ikiharibika unabadilisha. Ukipata ya mtumba, ichomeke kwenye ampli, uzungushe kila kitasa ukisikiliza mikwaruzo kabla hujatoa hela.