Kilomita 200 kila mwezi kwa miezi 12: ushauri kwa anayeanza

Audax UK, chama cha waendesha baiskeli wa masafa marefu kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1976, kina changamoto iitwayo Randonneur Round the Year. Sharti lake ni fupi: endesha safari moja ya angalau kilomita 200 kila mwezi, miezi 12 mfululizo. Mwezi wa kuanzia unachagua mwenyewe. Ukiruka mmoja, hesabu inarudi sifuri.

Wanaojiunga huuliza kwanza kuhusu miguu. Anayemaliza kilomita 120 Jumapili na kwenda kazini Jumatatu bila kuchechemea atafika 200 akijipa wiki chache za kuongeza masafa. Kinachowaangusha watu ni kukosa akiba: akiba ya tarehe, ya dakika, ya mwanga na ya joto mwilini.

Anza na tarehe. Wengi huanza Machi kwa sababu hali ya hewa inavutia. Siku ndefu zinawabeba hadi vuli, kisha Januari barafu inafunga njia, na miezi 10 inapotea kwa mpigo. Tunashauri Oktoba. Unaingia na nguvu za kiangazi, unakutana na miezi migumu mapema, na ukikwama Januari umepoteza mitatu tu. Halafu, kila mwezi, panga safari yako wikendi ya kwanza. Ikiharibika kwa theluji, homa au mgonjwa nyumbani, bado una wikendi tatu. Anayesubiri wikendi ya mwisho wa Februari amejifunga mwenyewe. Safari zenye tarehe maalumu kwenye kalenda ya chama ni nzuri kwa kuwa utapata wenzako wa kupokezana nao kukaa mbele kukinga upepo, lakini uwe pia na njia moja ya kudumu, ile unayoruhusiwa kuiendesha siku utakayochagua, karibu na nyumbani na iliyokwisha kuandikishwa. Njia hiyo ndiyo itakayookoa Desemba yako.

Sasa dakika. Breveti, yaani safari ya masafa marefu inayothibitishwa na yenye muda maalumu, ikiwa ya kimataifa ya kilomita 200 ina kikomo cha saa 13 na dakika 30. Ukitembea kwa wastani wa kilomita 22 kwa saa, unatumia takriban saa 9 na dakika 5 barabarani, na unabaki na zaidi ya saa 4 za kusimama. Kwa kilomita 18 kwa saa, wastani wa kawaida kabisa kwenye upepo wa mbele na nguo nzito, unatumia saa 11 na dakika 7, na kinachobaki ni saa 2 na dakika 23. Ukisimama vituo vitano, kila kimoja dakika 25, umekwisha kula dakika 125. Zimebaki 18, na pancha moja kwenye baridi inaweza kuzimaliza zote. Kwa hiyo simama mara moja kwa kukaa na kula chakula cha moto, dakika 30 au 40, karibu na kilomita 110. Vituo vingine ni vya kuchukua uthibitisho kwamba umepita hapo, kujaza maji na kuondoka. Mkate ulie baiskeli ikiwa inatembea.

Uthibitisho wenyewe, mara nyingi risiti ya duka, una mitego. Risiti lazima ionyeshe tarehe, saa na jina la mahali. Isome ukiwa bado kaunta, maana baadhi ya maduka hutoa risiti zisizo na saa. Ikilowa inageuka uji, basi iweke pamoja na kadi ya breveti kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Vijiji vingi Jumapili jioni havina duka lililo wazi. Hapo kikaratasi cha mashine ya benki kinasaidia.

Aliyezoea Afrika Mashariki, ambako jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi mwaka mzima, hushtuka na Desemba ya huku. London jua linatoka saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Scotland mchana ni mfupi zaidi. Ukiondoka saa 12 asubuhi na kutumia muda wako wote, unamaliza saa 1 na nusu usiku, na saa kadhaa za safari ni giza. Sheria inadai taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, kiakisi chekundu nyuma na viakisi vya rangi ya machungwa kwenye pedali. Hicho ni kiwango cha chini. Beba taa mbili za mbele zisizotegemea chanzo kimoja cha umeme, kwa sababu betri ya lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi na inaweza kuzima mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Wanaodumu katika mchezo huu wengi huishia kufunga dainamo ya kwenye kitovu cha gurudumu: volti 6, wati 3, na haihitaji kuchajiwa. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na ngozi.

Barafu ni jambo la kuogopa kwa dhati. Utabiri ukisema nyuzi 3, uso wa lami unaweza kuwa umeganda, kwani kipimo hicho ni cha hewa iliyo juu ya ardhi. Hatari iko darajani, kwenye kona zenye kivuli cha miti, na pale maji ya shamba yanapovuka barabara. Barabara kuu humwagiwa chumvi. Vichochoro vya mashambani kwa kawaida havimwagiwi. Kwa hiyo uwe na njia ya baridi iliyo tofauti na ya kiangazi: barabara pana zaidi, mabonde machache yanayofurika. Ukijikuta juu ya barafu, usishike breki wala usikate kona. Acha kupiga pedali, nyoosha usukani, uiache baiskeli ipite. Na kama usiku uliotangulia umeganda baada ya mvua, lala. Ndiyo maana ulipanga wikendi ya kwanza.

Pancha za vuli zina chanzo chake. England wakulima hawaruhusiwi kukata michongoma ya kando ya mashamba kati ya Machi 1 na Agosti 31, hivyo kuanzia Septemba mashine zinafyeka na miiba inajaa njiani. Tumia tairi pana la milimita 28 hadi 32 lenye kinga ya pancha, na tyubu mbili za akiba pamoja na viraka. Kosa la kawaida ni kubadilisha tyubu na kuuacha mwiba kwenye tairi. Mwiba huo ni mweusi, mfupi, mara nyingi umekatikia ndani ya mpira na hauonekani kwa nje. Pitisha vidole taratibu upande wa ndani, duru nzima, kwanza kulia kisha kushoto, mpaka kitu kikuchome. Usukume nje kwa ncha ya kisu. Fanya mazoezi nyumbani ukiwa na mikono iliyotoka kwenye maji ya barafu. Hapo utajua kwa nini tunasisitiza pea ya pili ya glavu, kavu, ndani ya plastiki.

Jasho ndilo linaloleta baridi. Vaa fulana ya sufu ngozini, fungua zipu kabla ya mlima, funga kileleni kabla ya kushuka. Kunywa hata kama huna kiu, karibu nusu lita kwa saa. Kula gramu 60 hivi za wanga kila saa. Ndizi moja ya wastani ina kama 25. Vitafunio vya wanamichezo hukakamaa kwenye baridi, ilhali chapati iliyopakwa siagi ya karanga inabaki laini mfukoni siku nzima.

Chumvi ya barabarani inakula mnyororo. Osha kwa maji siku hiyohiyo, kausha, tia mafuta. Pima: pini ya kwanza hadi ya 25 ni milimita 304.8 mnyororo ukiwa mpya. Ikifika 306.3 badilisha kama una gia 11 au 12 nyuma. Kwa gia 10 au pungufu, ngoja 307.1. Ukichelewa, sproketi nazo zinaharibika. Madigadi marefu yanakulinda wewe na anayekufuata.

Jihadhari pia na Julai na Agosti. Njia ni nzuri na mchana mrefu, lakini kuna harusi, likizo na safari za nyumbani, na mtu aliyevuka Januari anashtukia tarehe 30 Agosti hajaendesha. Mwanzoni mwa mwaka andika tarehe zote 12 kwenye kalenda ya familia, na kama una tiketi ya kwenda Mombasa au Dar katikati ya Agosti, safari ya mwezi huo iwe imekwisha wiki moja kabla ya kupanda ndege.