Binti yangu ana miaka 10 na chunusi zimeanza, nimpake nini?

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi ni mama wa binti wa miaka 10, anakaribia 11. Kwa muda sasa namuona na vipele vidogo vidogo kwenye paji la uso, puani kuna vidoa vyeusi vimejaa, na juzi kidevuni kimetoka kimoja kikubwa chenye usaha. Mwanzo nikajua ni joto tu litaisha. Sasa mwenyewe kaanza kujificha, anavaa sweta la kofia na hiyo kofia anaishusha mpaka kwenye nyusi hata tukiwa ndani, na juzi nimemkuta bafuni anajisugua uso na dodoki na sabuni ya kufulia, uso unamuwaka mpaka machozi. Rafiki zake wanamwambia apake dawa ya meno, dada yangu anasema ana krimu yake inatoa chunusi siku tatu tu, na binti mwenyewe anataka nimnunulie seti aliyoiona kwenye simu ina vichupa sita. Nimechanganyikiwa anti. Je umri huu sio mapema mno? Na nimpake nini? (Mama wa binti)

JIBU: Mama pole, na kwanza kabisa usiogope maana miaka 10 sio mapema. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana 9 na 14, na hata kabla ya hapo kuna tezi zimekaa juu ya figo zinakuwa zimeshaanza kutoa homoni polepole, hizo ndo zinaamsha tezi za mafuta usoni. Kwahiyo chunusi inaweza kuwa dalili ya kwanza kabisa unayoiona, kabla hata mwili haujabadilika kwingine. Na inapoanzia ni palepale ulipopataja wewe, paji, pua, kidevu, kwasababu ndipo tezi za mafuta zilipojaa zaidi.

Sasa hivyo vidoa vyeusi vya puani naomba umueleze mtoto vizuri, kwasababu nahisi ndivyo vilivyompeleka kwenye dodoki. Sio uchafu. Kile ni kijitundu cha ngozi kimeziba kwa mafuta yaliyochanganyika na seli zilizokufa, juu kukawa wazi, ule mchanganyiko ukikutana na hewa unageuka mweusi. Hakuna kusugua kutakakoufikia, upo ndani. Mtoto akidhani ni uchafu anaona kama yeye ni mchafu, halafu anazidi kujichubua, na ngozi iliyochubuka inavimba, matundu yanaziba zaidi, yani anajitengenezea nyingine kwa mkono wake mwenyewe.

Sabuni ya kufulia ikae kwenye nguo. Ngozi yetu kwa asili ina uasidi kidogo na huo uasidi ndo ulinzi wake, sabuni ya kufulia na nyingi za kipande ziko upande wa pili kabisa, zinaondoa ule utando wote wa juu uso unabaki umekakamaa. Dawa ya meno nayo inaunguza. Nimeshaona mtoto amekuja na alama nyeusi ya mviringo shavuni, saizi ya kifuniko cha tyuba, chunusi yenyewe ilishapona kitambo lakini ile alama ikakaa miezi.

Kuhusu krimu ya siku tatu hapa naomba unisikilize sana, tena umwambie na dada yako kwa upendo. Hakuna dawa ya chunusi ya kweli inayomaliza kazi siku tatu. Krimu zinazofanya hivyo mara nyingi zina steroidi, geuza tyuba usome upande wa nyuma, ukiona klobetasoli au betamethasoni ndo hizo, na zingine zina haidrokwinoni ya kung'arisha au hata zebaki ambayo kwenye boksi hawaandiki. Steroidi inazima uvimbe haraka, kwahiyo siku za mwanzo uso unapendeza kweli na kila mtu anasifia, baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinaonekana, ukiacha vipele vinarudi kwa hasira kuliko mwanzo, unapaka tena, na hapo ndo mtu anafungwa. Ngozi ya mtoto ni laini na inanyonya zaidi. Steroidi ni dawa, daktari anaiandika kwa sababu yake na kwa siku zake, ila sio ya chunusi ya mtoto wa miaka 10. Kama ameshapakwa kwa wiki kadhaa usiikatishe ghafla kimyakimya, mpeleke kwa daktari wa ngozi na hiyo tyuba mkononi.

Na ile seti ya vichupa sita, nakuhurumia maana najua anavyokusumbua nayo. Vingi kati ya hivyo vina retinoli, asidi za kuchubua ngozi, vitamini C kali, vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye mikunjo na madoa ya jua. Mtoto wako hana mikunjo. Akivipaka vyote kwa pamoja atapata ukavu, muwasho, vipele vya kuungua, halafu mtashindwa kujua kipi ni chunusi na kipi ni dawa. Usimkatalie kwa ukali lakini, maana nyuma ya ile seti kuna mtoto anayetaka kitu cha kwake. Mnunulie vyake vitatu vya ukweli, avipange mwenyewe bafuni, kopo lake, taulo lake dogo la uso peke yake.

Vitatu vyenyewe ni sabuni laini ya maji ya kuoshea uso isiyo na manukato, losheni nyepesi, na sanskrini, yani krimu ya kukinga jua. Kwenye losheni na sanskrini tafuta ilipoandikwa kwamba haizibi matundu ya ngozi, na sanskrini iwe SPF 30 kwenda juu (hiyo namba ndo inaonyesha inavyokinga jua), ile ya zinki oksaidi ndo mara nyingi haiwashi.

Kuosha ni asubuhi na usiku, basi, na akishatoka kucheza ana jasho anaweza kuongeza mara moja. Kaa naye bafuni siku ya kwanza umuonyeshe. Anawe mikono kwanza, wengi wanaruka hapo. Maji ya uvuguvugu, sio ya moto. Sabuni kidogo aikoroge viganjani ipate povu ndo ipande usoni, atumie ncha za vidole tu azungushe taratibu kwenye paji, pembeni mwa pua, kidevuni, mpaka mstari wa nywele ambapo mafuta ya nywele hujificha, nusu dakika inatosha. Asuuze mpaka uso usiteleze. Kisha taulo asifute, alikandamize tu kama anayekausha karatasi iliyolowa asiichane. Ngozi ikiwa bado na unyevu kwa mbali ndo losheni inapakwa, hata kama uso wake una mafuta, maana hofu ya kwamba losheni inaleta chunusi inafanya watu wakaushe nyuso mpaka zinapasuka.

Mfanyie hivyo wiki nne mpaka sita bila kuongeza kitu. Kuna watoto huishia hapo tu na uso unatulia.

Kama vile vyenye usaha vinaendelea ndo tunaingia kwenye dawa, na kwa mtoto chini ya miaka 12 muulize kwanza mfamasia au daktari. Inayoanziwa mara nyingi ni jeli ya benzoili peroksaidi, na mwambie akupe ya asilimia 2.5, usishawishike na ya 10, ile ya 2.5 inafanya kazi karibu sawa na haiunguzi sana kama ya 10. Anaanza usiku mmoja anapaka mwingine anapumzika, kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, kitandazwe eneo lote linalotoa vipele na sio kudonadona juu ya chunusi moja moja, kwasababu kazi yake ni kuzuia zinazokuja. Ikae mbali na macho, midomo na kona za pua. Na inapausha rangi ya nguo jamani, kwahiyo foronya nyeupe, taulo jeupe, shati la shule livaliwe jeli ikishakauka. Ukavu kidogo wa mwanzo ni kawaida, ila uso ukivimba au ukiwasha sana aache mrudi kuuliza. Kwa wenye vidoa vyeusi na vipele visivyo na usaha vingi, daktari anaweza kuchagua adapalini (dawa ya kupaka inayozibua matundu ya ngozi) badala yake, hiyo msijinunulie wenyewe kwa umri huu.

Halafu kusubiri. Wiki nane mpaka kumi na mbili, ndo ukweli wenyewe. Wazazi wengi hushindwa hapa, wiki ya pili wanabadilisha, wiki ya nne wanabadilisha tena, na hakuna hata moja iliyopewa nafasi. Piga picha moja leo kwenye mwanga wa dirishani (mwombe ruhusa kwanza na usimtumie mtu yeyote) halafu msiangalie mpaka miezi miwili.

Kutumbua, hapana. Ukibinya, usaha unaouona unatoka nje na usiouona unasukumwa chini, ukuta wa kile kijitundu unapasuka ndani, na ngozi yenye weusi wa asili huacha doa linalokaa miezi hata mwaka. Huwa nawaambia wazazi kwamba lile doa ndo linamsumbua mtoto muda mrefu zaidi kuliko chunusi. Jua nalo linalikoleza, ndio maana nimeng'ang'ania sanskrini.

Sasa ile kofia ya sweta. Mama, mtoto ameshaona uso wake kwenye kioo kabla hujamuona wewe, kwahiyo kila unapomshika kidevu ukageuza kwenye mwanga ukasema hee hii nyingine imetoka lini, unamwambia jambo analolijua na linalomuuma. Na shangazi na wajomba nao wazuiwe, wale wa kusema mbona umeharibika uso. Mkae siku mkiwa mnafanya kitu kingine, mnakunja nguo labda, umwambie kwamba mwili wake unakua, kwamba na wewe zilikutoka kama zilikutoka kweli, na uulize anataka usaidie au anataka ujue tu. Asubuhi usimkague.

Mpeleke kwa daktari bila kusubiri kama vinakuwa vigumu vinauma chini ya ngozi, kama vinaacha mashimo, kama miezi mitatu imepita hakuna badiliko, au kama anaanza kukataa shule kwa ajili ya uso. Na kama kuna mdogo wake wa kati ya mwaka mmoja na miaka 7 anatoka chunusi, huyo ndo hasa aonwe, kwa umri huo sio kawaida na daktari atataka kuangalia homoni. Msichana anayeota nywele za siri au matiti kabla ya miaka 8, mvulana anayeanza mabadiliko kabla ya 9, hivyo hivyo.

SWALI: Anti, kijana wangu ana 12, yeye vipele viko kwenye paji tu karibu na nywele, vidogo vya kufanana, vinawasha sana hasa akitoka mazoezini. Tumempa jeli ya chunusi mwezi wa pili huu hakuna kitu. (Baba wa kijana)

JIBU: Baba, neno kuwasha ndo limenishtua. Chunusi ya kawaida inaweza kuuma lakini haiwashi hivyo, na huwa imechanganyika, kidogo kikubwa, cheusi chekundu. Vipele vya saizi moja, vinawasha, vinachangamka kwenye jasho, vinaweza kuwa ni fangasi wa kwenye vitundu vya nywele, na huyo jeli ya chunusi haimgusi vizuri, ana dawa yake, kwahiyo daktari avione. Wakati unasubiri angalia mambo mawili. Anapaka nini kichwani? Mafuta mazito ya nywele hutiririka na joto yakaja kutuama palepale kwenye paji, basi apake kuanzia nyuma na kidogo, au aache kabisa mwezi mmoja mwone. Na ile kofia au kitambaa cha kichwani anachovaa mazoezini, kinafuliwa kila siku au kinakaa kwenye begi kinakauka na jasho lake?

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 11. Nina moja kubwa juu ya pua na keshokutwa tunapigwa picha ya darasa. Mama hajui nimekuandikia. Naweza nikaitoboa na pini kama nikiichoma kwanza kwenye moto?

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante kwa kuuliza kabla hujashika pini. Hapana usitoboe, hata ikichomwa moto. Ukiitoboa keshokutwa utakuwa na kidonda chenye gamba badala ya chunusi, na kidonda kinaonekana zaidi kwenye picha. Fanya hivi, osha uso taratibu, chukua kipande cha barafu ukifunge ndani ya kitambaa safi, ukiweke juu yake dakika moja hivi, toa, pumzika, rudia mara mbili tatu. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Usiku kama kwenu mnaweza kupata vile viplasta vidogo vya duara vya chunusi bandika kimoja, kitanyonya unyevunyevu na kitazuia mkono wako kuichezea ukiwa umelala, maana najua unaichezea. Haitapotea yote kwa siku mbili, itashuka tu na wekundu utapungua. Na mwambie mama leo, muonyeshe hata swali hili ukiona aibu kuanza kuongea, halafu mkasome pamoja jibu la kwanza hapo juu mle sehemu ya kuosha uso.